Uzi Kichwani mwa Shani

Ndoo ya kwanza ya mwani uliooza ilimwagwa kwenye kioo kikubwa wakati watoto wa shule wamejipanga kutazama kasa wakilishwa. Ulikuwa mwani mweusi, umechacha, unanuka kama yai viza. Ulikipiga kioo, ukateleza taratibu na kuacha michirizi mbele ya uso wa papa aliyekuwa akipita zake upande wa pili. Mwalimu aliwavuta watoto ukutani. Ndoo ya pili ikafuata, kisha nyingine, na ukumbi mzima wa Akwaria ya Jiji ukajaa kelele.

Wanawake waliobeba ndoo hizo walikuwa wameingia kwa tiketi kama watu wengine. Askari wa mlangoni aliwafungulia bila kuuliza, akidhani wameleta chakula cha kasa, maana mwani wa akwaria ulikuwa ukitoka kwao Shungwi miaka yote.

Daktari Siwatu Mhando alishuka ngazi mbio, glavu zikiwa bado mikononi. Kazi yake ilikuwa kutibu wanyama wa akwaria, na zaidi ya hapo kuwaangalia nguva waliolelewa humo kisha wakarudishwa baharini. Alimtambua mwanamke aliyesimama mbele ya wenzake, mfupi, kanga kaifunga kibwebwe, vidole vimechujuka kwa maji ya chumvi. Alikuwa Bi Somoe Makame, mkubwa wa wakulima wa mwani wa Ghuba ya Shungwi.

"Shikamoo, Bi Somoe."

Bi Somoe hakuitikia. Alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu vya mpira.

"Mwani wetu huu," alisema. "Umeozea kwenye kamba, maana tumekatazwa kuingia majini kuuvuna. Tumemletea nguva wako. Si anapenda majani?"

"Shani hayumo humu, bibi. Yuko baharini."

"Aliko nakujua. Yuko kwangu. Nataka kujua kwa nini." Alinyoosha mkono kuelekea ramani kubwa ya pwani iliyokuwa ikiwaka ukutani. Duara jekundu lilikuwa limeifunika Ghuba ya Shungwi yote. "Kutoka Pangani mpaka mpakani, bahari yote hiyo, amekosa pa kulisha mpaka aje kulala kwenye kamba zangu?"

Hata watoto walikuwa wakisubiri jibu. Juu ya ramani kulikuwa na maneno yaliyochongwa kwa herufi za shaba, ambayo kila mtoto wa jiji aliyajua kwa moyo: NGUVA HUCHAGUA, SISI TUNAFUATA.

"Nguva huchagua mwenyewe," Siwatu alisema.

Bi Somoe alitema mate sakafuni, karibu kabisa na viatu vya Siwatu.

Hapo watu wa jiji, waliokuja na wake na watoto wao kutazama samaki, walianza kupiga kelele. "Wauaji wa nguva! Watoeni!" Mtu mmoja alirusha chupa ya maji. Askari wakafika, wakawashika wanawake makwapani na kuwaburura hadi mlangoni. Binti mmoja aitwaye Mwanamkasi aliteleza kwenye mwani akaanguka, na buti la askari likamkanyaga mkono. Hakulia. Aliinua uso, akamkazia Siwatu macho mpaka mlango ulipofungwa.

*

Kulikuwa na jambo ambalo jiji halikuambiwa.

Watu walijua kwamba kila nguva aliyelelewa na akwaria alikuwa na uzi kichwani. Walionyeshwa picha yake, mwembamba kuliko unywele, umeingia nyuma ya fuvu na kuishia kwenye kishanga kilichofichwa chini ya ngozi. Waliambiwa kazi ya uzi ni kusema mnyama yuko wapi. Sheria nayo ikajengwa juu yake: popote nguva atakapolisha, bahari inayomzunguka hufungwa. Maboya hugeuka mekundu yenyewe, droni huja kuzunguka juu, na kuanzia hapo hakuna nyavu, mashine wala kigingi cha mwani. Akihama, eneo lililofungwa humfuata. Watu waliiita Sheria ya Kivuli. Tangu ipitishwe hakuna nguva hata mmoja aliyekufa kwenye wavu.

Ambacho hawakuambiwa ni kwamba uzi ulikuwa ukisema na kusikia. Ukiuamuru kutoka kwenye mtambo wa akwaria, nguva huhisi ladha ya nyasi tamu za baharini ikimjia kutoka upande mmoja, naye huifuata. Uliwekwa kwa ajili ya kumwepusha na njia za meli, na kwa kazi hiyo ulikuwa neema. Waliojua kuuendesha walikuwa wawili tu, Siwatu na mwenzake Pius.

Mwaka bahari ilipopata homa, maji yakapanda joto na nyasi za kaskazini zikafa, nguva walianza kukonda mpaka mbavu zikahesabika. Shani alikuwa jike pekee aliyebaki katika umri wa kuzaa. Siwatu ndiye aliyemnywesha maziwa kwa chupa tangu alipookotwa kandokando ya mama yake aliyenasa wavuni. Alipoona anakufa njaa hakuomba ushauri. Alimwekea ladha mdomoni, akamwongoza taratibu hadi Shungwi, ambako nyasi zilikuwa bado kijani. Shani akala akanenepa, na maboya yakageuka mekundu. Siwatu alijiambia ni kwa muda mfupi.

Jioni ya fujo za mwani, Mkurugenzi, Dk. Theonest Rugaimukamu, alimkuta kwenye chumba cha mtambo. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na hasira yake ilijulikana kwa namna alivyozidi kuwa mpole.

"Wakulima wamehamishia vigingi Kichangani," alisema, akiweka kidole kwenye ramani, nje kidogo ya duara jekundu. "Pale pana nyasi changa. Vigingi na kamba vitaziba mwanga, mizizi ife. Msogeze Shani pale."

"Nyasi za Kichangani hazijafika hata kidole, Daktari. Hatashiba."

"Hahitaji kushiba pale. Anahitaji kuonekana pale."

Siwatu aligeuza kiti. "Nilimpeleka Shungwi ili ale. Hili unaloniambia ni kumfanya rungu."

"Ndilo rungu pekee tulilonalo." Dk. Theonest alivuta kiti akaketi karibu naye. "Nimekaa kwenye vikao maisha yangu yote. Nimewaonyesha wakubwa picha za nguva waliokatwa na mapangaboi ya meli. Walisikitika, wakaenda kula. Nimewaomba wanawake hao hao wa Shungwi waache nafasi katikati ya kamba zao, wakanicheka. Sheria hii ni kitu cha kwanza kilichofanya kazi, Siwatu. Cha kwanza. Wewe unataka kukiua kwa sababu umetemewa mate?"

"Nataka kuuzima uzi. Aende anakotaka."

"Anakotaka ni kwenye njia ya meli. Mama yake alikuwa akipita huko, na bibi yake. Ukizima, siku atakayoelea tumbo juu utakuja kumpasua wewe." Alisimama, akanyoosha shati. "Hutaki, Pius atafanya. Ila Pius hana mkono wako. Atamvuta mpaka atapike."

Alitoka akifunga mlango bila kishindo.

Siwatu alibaki akitazama nukta ya Shani kwenye ramani. Moyoni hakuweza kusema Mkurugenzi ni mwongo, na hilo ndilo lililomtesa. Nguva walikuwa wakiisha kweli. Vigingi viliua nyasi kweli. Lakini alimwona Shani akivutwa kutoka kijiji hadi kijiji, ananusa karamu ambayo haipo, na nyuma yake watu wanafukuzwa majini, na kwenye ukumbi wa akwaria watoto wanasoma kwa sauti kwamba nguva huchagua.

Ukutani kulikuwa na kibao cha mkononi, kile walichokitumia wakiwa kwenye mashua, chenye uwezo wa kumwongoza nguva aliye karibu bila kupitia mtambo mkuu. Alikitia kwenye mkoba pamoja na sanduku la vifaa vya upasuaji.

*

Kesho yake, maji yakiwa yanakupwa, alifika Shungwi peke yake. Aliwakuta wanawake kwenye vichanja vya kukaushia mwani, vichanja vitupu, wamekaa kama watu walio matangani. Hakuna aliyemkaribisha. Mwanamkasi, mkono umefungwa kitambaa, aliokota pande la tumbawe akalishika.

"Umekosea njia," alisema Bi Somoe.

"Sijakosea. Nimekuja kusema nilichoshindwa kusema jana."

Akasema. Hakuremba. Alieleza uzi unavyosikia, ladha inavyomvuta mnyama, nani alimwongoza Shani mpaka mbele ya kamba zao, na mahali ambapo Mkurugenzi alitaka apelekwe sasa.

Tumbawe lilimpata begani. Maumivu yalimpiga mpaka kwenye meno, akashika kichanja asianguke. Wanawake kadhaa waliinuka.

"Mwacheni," Bi Somoe alisema. Hakusema kwa huruma. "Kwanza tujue kama hata huo ukweli wake ni kweli. Wewe, Daktari. Unasema anakuja ukimwita. Mlete."

Siwatu alitaka kukataa. Alikuwa amejiapia asimguse tena Shani kwa uzi. Lakini aliona kwamba bila hilo hana neno litakaloaminiwa ufukweni hapo. Akatoa kibao, akaweka kidole, akachora mstari mfupi kutoka kilindini hadi maji ya kiunoni.

Kwa muda hakukuwa na kitu ila maboya mekundu yakipanda na kushuka. Kisha maji yalivimba. Pua pana ikajitokeza, ikavuta pumzi kwa mkoromo, ikazama, na mgongo mkubwa wa kijivu ukaanza kusogea pwani ukiburura vumbi la mchanga nyuma yake. Shani alikuja moja kwa moja mpaka mchanga ulipomsugua tumbo. Pale alianza kulisha. Mdomo wake mnene ulifukua na kufukua kwenye mchanga mtupu, akitafuna hewa.

"Astaghfirullah," alisema mwanamke mmoja, akajifunika uso kwa kanga.

Bi Somoe alisimama akitazama mnyama anayekula kisichokuwepo. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imebadilika, japo haikuwa laini zaidi.

"Na yeye mmemfanyia hivi."

"Ndiyo."

"Zima."

Siwatu alizima. "Nikizima mimi, wao wana mtambo mkuu. Wakigundua, watawasha."

"Basi utoe huo uzi. Hapa, mbele yetu, tuuone."

Siwatu aliutazama mkoba wake. Alikuwa amebeba vifaa kwa ajili hiyo hiyo, lakini kulisikia jambo lenyewe likisemwa kulimtia hofu. "Nguva hawezi kulazwa kwa dawa. Akilala anasahau kuvuta pumzi. Itabidi ashikwe akiwa macho, na watu wengi, kila mara ainuliwe pua ipate hewa. Nikivuta uzi vibaya ukikatika, utabaki ubongoni na atatoka damu kwa ndani. Naweza kumuua."

"Akifa watasema ni sisi," alisema Mwanamkasi.

"Watasema hivyo hata akifa kwa uzee," Bi Somoe alijibu. Aliwageukia wenzake, akawatazama mmoja mmoja. "Asiyetaka kuingia asiingie. Sitamlaumu."

Mwanamke aliyejifunika uso alikusanya kanga zake na kwenda zake njiani. Wengine walianza kujifunga viunoni. Kuingia majini maboya yakiwa mekundu kulikuwa ni kosa la kufungwa, na droni ilikuwa tayari imeshuka, inanguruma juu ya vichwa vyao, inarekodi sura. Mwanamkasi alikuwa wa kwanza kuingia majini.

*

Walimzunguka Shani wakiwa ndani ya maji hadi kiunoni. Siwatu aliwapanga, wengine mkiani, wengine ubavuni, Bi Somoe kichwani kwa sababu alikuwa na mikono yenye nguvu kuliko wote. "Msimbane. Mkimbana anaogopa. Mshikeni kama mnavyomshika mzazi aliye kwenye uchungu."

Mwanzoni Shani alitulia. Alikuwa ameizoea mikono ya watu tangu utotoni. Siwatu alipapasa nyuma ya fuvu, akakipata kishanga, akachoma sindano ya ganzi, akachana ngozi kidogo. Damu ilienea majini kama moshi. Alikikamata kishanga kwa koleo na kuanza kuvuta, polepole, akiupa uzi nafasi ya kuteleza wenyewe.

"Hewa," alisema, na wanawake wakainua kichwa. Pua ikafunguka, ikavuta, ikafunga. Wakamshusha.

Simu yake iliita kutoka mkobani, kwenye kichanja. Ikaita, ikakatika, ikaita. Alijua ni nani. Alijua pia kwamba picha za droni zilikuwa kwenye kioo cha chumba cha mtambo, na kwamba Dk. Theonest alikuwa akiona kundi la watu wenye hasira wamemzingira nguva wake wa mwisho wa kuzaa, na maji mekundu.

Kisha Shani alibadilika. Mwili mzima ulikakamaa, halafu kichwa kikageuka kwa nguvu kuelekea kilindini, kana kwamba ameitwa kwa jina.

"Wamewasha," Siwatu alisema. "Wamewasha mtambo kwa nguvu zote. Mshikeni."

Mkia ulipiga. Wanawake waliokuwa nyuma walirushwa majini kama vitambaa. Shani alivuta kwenda mbele, mdomo wazi, akifuata ladha iliyokuwa ikimjaza kichwa chote, na kila alipovuta, uzi ulikazika kwenye koleo la Siwatu. Bi Somoe alimkumbatia shingoni kwa mikono miwili. Kichwa kile kizito kilimgonga kifuani, Siwatu akasikia mlio mkavu, na uso wa bibi ukakunjamana. Hakuachia.

"Mwachie, Bi Somoe, atakuumiza!"

"Vuta wewe!"

Kulikuwa na njia mbili, na Siwatu aliziona zote kwa uwazi wa kutisha. Angefungua koleo, Shani aende zake na uzi wake, Mkurugenzi ampeleke Kichangani na kwingine kote atakakoona panafaa, awe hai. Au avute sasa, mnyama akipigana, wakati ambao kitabu chochote cha kazi yake kingesema usivute. Alifikiri habari ya ule mdomo ukitafuna mchanga mtupu. Alivuta.

Uzi ulitoka. Ulitoka mzima au ulitoka kipande, hakuweza kujua, kwani macho yalikuwa yamejaa chumvi. Aliuona tu ukining'inia kwenye koleo, unang'aa, mwepesi kama utando wa buibui.

Shani alinyong'onyea ghafla. Alizama kati yao mpaka mchangani akalala, hatikisiki.

"Hewa," Siwatu alisema. Hakuna aliyesogea. "Hewa! Mwinueni!"

Wakamwinua. Pua ilibaki imefungwa. Maji yalimtiririka usoni, vijicho vidogo vikitazama pasipo kitu. Siwatu alimsugua pua kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya enzi za chupa ya maziwa, akimsemesha, akisahau kwamba watu wanamsikia. Mwanamkasi alikuwa akilia kwa kwikwi. Kisha tundu zile mbili za pua zilifunguka kwa kishindo, zikawarushia makamasi na maji usoni, na pumzi ndefu ikaingia.

Walimwachia. Shani alizunguka mahali pamoja, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mtu aliyeamka kwenye chumba asichokijua. Hakuenda upande ambako mtambo ulikuwa ukimwita. Hakuenda kwenye nyasi pia. Alipita kati ya maboya na kuelekea kusini, na maji yakamficha.

Maboya yalibaki mekundu kwa muda mfupi. Halafu, kwa kuwa hakuna uzi uliokuwa ukisema mnyama yuko wapi, yakageuka meupe, moja baada ya jingine, hadi mwisho wa ghuba.

*

Mashua ya doria ilifika na Dk. Theonest ndani yake. Aliteremka na suruali yake nzuri, akapita majini hadi aliposimama Siwatu, akamnyang'anya koleo. Aliugeuza uzi mbele ya jua.

"Ncha haipo," alisema.

Siwatu alitazama. Kweli, ncha ilionekana kama imekatika, lakini nyuzi zile zilikuwa na ncha nyembamba kiasi kwamba bila darubini mtu asingeweza kuapa.

"Hujui kama ataishi," Dk. Theonest aliendelea kwa upole wake. "Na kwa kuwa umemtoa uzi, hutajua kamwe. Wala mimi. Akifa kesho kwenye mwamba hatutamwona. Umempoteza jike la mwisho, Siwatu, ili dhamiri yako ipate usingizi."

Askari walimpandisha Siwatu mashuani pamoja na Mwanamkasi na wengine. Bi Somoe walimpeleka hospitali, mbavu zimevunjika.

Magazeti ya jiji yaliandika kwamba wanawake wa mwani walimkamata nguva wakamkata kichwani. Siwatu alipoeleza habari ya ladha na mtambo, mahakamani na kwa kila aliyemtegea sikio, wachache walimwamini. Pius aliitwa kutoa ushahidi, akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Akwaria ilimfuta Siwatu kazi. Maneno ya shaba ukutani hayakuondolewa. Wanawake waliachiwa kwa onyo. Yeye alifungwa, akatoka amekonda, na majirani wa mtaa wake wakawa wanavuka barabara wasipishane naye.

Alipotoka alikwenda Shungwi, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine alipotaka kwenda.

Maji yalikuwa yamekupwa sana, asubuhi, jua kali. Wanawake walikuwa wameinama wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba, mistari mirefu iliyonyooka mpaka mbali. Walimwona, wakaendelea na kazi. Mwanamkasi alisema kitu kwa mwenzake, wakacheka kicheko kisicho kizuri. Bi Somoe alikuwa kwenye mchanga, hawezi tena kuinama, anachonga vigingi kwa panga.

"Umefuata nini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sijui, bibi. Kutazama tu."

"Hapa si akwaria."

Siwatu aliitikia kwa kichwa, akageuka aende. Ndipo aliposikia mkoromo.

Haukuwa mkubwa. Ulitoka upande wa nyasi, pale ambapo mistari ya kamba ilikuwa ikikaribia kuzifikia. Wanawake wote walisimama wima. Pua pana ilikuwa juu ya maji, ikavuta pumzi, ikazama, na wingu la mchanga likapanda mahali ilipokuwa. Baada ya kitambo mgongo ulijitokeza mbele kidogo. Nyuma ya fuvu palikuwa na kovu jeupe. Alikuwa akilisha, na safari hii majani yalionekana yakining'inia pembeni mwa mdomo.

Siwatu alijiziba mdomo kwa mkono.

Maboya yalikuwa meupe. Hayakujua kitu. Lakini sheria ilikuwa ile ile, na kila mtu pale aliijua: atakayemwona nguva sharti aarifu, uzi uwepo usiwepo. Simu moja tu, na kabla maji hayajajaa ghuba ingekuwa nyekundu tena. Na asiyearifu, akibainika, hafiki tena majini. Wanawake walitazamana. Mwanamkasi aliangalia kamba aliyoishika, mbegu mpya zimefungwa nusu, kisha akaangalia kwenye nyasi, kisha akamwangalia Bi Somoe.

Bi Somoe aliweka panga chini. Alitazama ghuba kwa muda mrefu, akiwa ameshika mbavu zake. Uso wake ulikuwa mkavu kama siku ya kwanza.

"Ng'oeni ile mistari ya mwisho," alisema hatimaye. "Yote iliyo upande wa nyasi. Tuhamie huku, upande wa mikoko."

"Na kule?" aliuliza Mwanamkasi.

"Kule hatujaona kitu."

Wanawake walianza kung'oa vigingi, kimya, wakirudi nyuma hatua kwa hatua, na eneo la nyasi likaanza kupanuka. Bi Somoe alimgeukia Siwatu, na hakukuwa na urafiki machoni mwake, wala hakujaribu kuuonyesha.

"Wewe ondoka. Jiji zima linaijua sura yako. Wakikuona umesimama hapa watauliza unatazama nini. Na usirudi tena."

"Bi Somoe—"

"Usirudi, nimesema."

Siwatu alichukua mkoba wake. Nyuma yake alisikia pumzi nyingine ikivutwa, nzito, ya mnyama aliyeshiba. Juu ya mikoko droni ilikuwa ikija kwenye zamu yake. Alitembea kuelekea barabarani, macho mbele, na hakugeuka kutazama.